Stima Ikipotea, Ramani Isipotee Nayo
Mazungumzo kwa wachora ramani za nyumba, mafundi na wanafunzi wa ufundi



Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Stima ikikatika hivyo, mwenye samaki huwaza friji. Mchora ramani huwaza mchoro uliokuwa wazi kwenye kompyuta na haukuwa umehifadhiwa.

Mchoro huo si mistari tu. Kwa sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, anayetaka kujenga sharti apate idhini ya kaunti, na ramani ni sehemu ya ombi lake. Familia imeshalipa arbuni, fundi anangoja kuchimba msingi. Mchora ramani akirudia kazi mbiombio kutoka kichwani, ukuta unaweza kusogea nusu mita, na asijue mtu hadi mawe yameshapangwa.

Mara nyingi kazi huwa ingalimo ndani ya kompyuta. Kinachoimaliza ni pupa ya dakika za kwanza.

Chukueni AutoCAD, ambayo wengi hapa wanaijua. Programu hii huweka nakala mbili bila kuombwa. Ya kwanza jina lake huishia na .bak na hukaa folda moja na ramani. Hiyo ni ramani ilivyokuwa kabla ya kuhifadhiwa mara ya mwisho. Ya pili huishia na .sv$ na hujiandika yenyewe kila baada ya dakika 10, kama mipangilio haijabadilishwa. Hiyo ndiyo inayomwokoa hata yule ambaye hakuwahi kuipa ramani yake jina.

Lakini nakala ya .sv$ hufutwa programu ikifungwa kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hivyo aliyeulizwa kama ahifadhi mabadiliko, akabonyeza “hapana” kwa bahati mbaya, yuko pabaya kuliko aliyekatiwa stima!

Stima ikirudi, fungua programu na utazame pembeni. Kwa kawaida hutokea orodha ya michoro iliyokatizwa pamoja na nakala zake. Isipotokea, andika amri DRAWINGRECOVERY. Fungua moja moja, linganisha saa na tarehe, kisha hifadhi iliyo kamili kwa jina jipya. Usihifadhi juu ya ile ya zamani, maana kila unapohifadhi, .bak iliyopo huondoka na kupisha nyingine.

Orodha ikiwa tupu, tafuta kwa mkono. Amri SAVEFILEPATH itakuonyesha folda ya nakala za .sv$. Nakili faili hiyo kwingine kwanza, kisha kwenye nakala badilisha .sv$ iwe .dwg. Faili ya .bak hufanyiwa vivyo hivyo. Kama herufi hizo za mwisho hazionekani, Windows imezificha. Ziruhusu zionekane, la sivyo utabadilisha jina la mbele na faili itakataa kufunguka. Ramani ikifunguka nusu au ikigoma kabisa, jaribu amri RECOVER.

Wanaochorea saiba wawe macho zaidi. Baadhi ya kompyuta za saiba hufuta kila kitu zinapowashwa upya, na hapo hakuna amri itakayosaidia. Ramani ihifadhiwe kwenye flashi yako tangu mstari wa kwanza. Hata nyumbani, zile programu za kusafisha kompyuta hufagia folda ya muda, na kwa kawaida ndimo .sv$ inamokaa. Usisafishe chochote kabla ya kutafuta.

Leo jioni, kabla ya kazi nyingine, andika SAVETIME na upunguze zile dakika 10 ziwe 5 au 3. Kompyuta ya zamani itasita kidogo kila ikijihifadhi; vumilia. Mwenye kompyuta ya mezani atafute UPS, hata ndogo. Haihitaji kukesha na wewe, inahitaji kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

Na ramani iliyookolewa isiende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Toa daftari la vipimo ulivyochukua kiwanjani, upitie chumba kwa chumba, mlango kwa mlango. Nakala hiyo inaweza kuwa nyuma kwa dakika kumi, na huenda dirisha la jikoni lilichorwa ndani ya dakika hizo.