Kulifufua Land Rover la Nyumbani: Siri ya Siku, Si Siri ya Hesabu

(Mazungumzo ya msimamizi wa karakana ya Chama Kikuu mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo aghalabu halimo katika ajenda za mikutano yetu, lakini limo katika nyua za wanachama wengi. Jambo lenyewe ni lile Land Rover kuukuu lililosimama nyuma ya banda la ng'ombe, magurudumu yamezama ardhini na kuku wanataga juu ya viti. Kila msimu wa malipo ya mazao ukifika, hutokea kijana, au mama wa nyumba, au ndugu aliyeko mjini, akasema moyoni mwake: mwaka huu nitalifufua gari hili, nimkabidhi mzee bila ya yeye kutazamia.

Nia hiyo ni njema. Gari hilo lilibeba magunia ya kahawa, likabeba wagonjwa, maharusi na hata majeneza. Kulirudisha barabarani ni kumrudishia heshima yule aliyelihangaikia. Lakini katika karakana tumeziona nia njema za namna hii zikiishia pabaya, na sababu zake kubwa ni mbili. Ama kazi ilianza na rangi, breki zikasahauliwa. Ama mwenye nia alilificha gari akaificha na hesabu yake. Kwa hiyo neno langu leo ni hili: siri iwe ya siku ya kukabidhi tu. Isiwe siri ya umiliki, wala ya ubovu, wala ya fedha.

GARI LENYEWE

Ni vizuri kulijua gari kabla ya kulishika. Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Aliyelibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa na shamba na aliyekuwa akitumia gari la Jeep lililobaki baada ya vita. Wakati ule chuma kilikuwa adimu nchini mwake, basi bodi ikatengenezwa kwa alumini. Yaliyo mengi katika nyua zetu ni ya matoleo yaliyokuja baadaye: toleo la pili lililoanza mwaka 1958, na la tatu lililoanza mwaka 1971 likakoma mwaka 1985. Yapo mafupi ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na marefu ya inchi 109.

Alumini hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Haipati kutu kama chuma, hivyo gari lililokaa miaka 20 mvuani huonekana zima kwa nje. Lakini chasisi, yaani ile mifupa ya chini inayobeba injini, bodi na abiria, ni ya chuma. Kadhalika ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni wa chuma. Tope huingia ndani ya chasisi, likakaa na unyevu, na chuma kikaliwa kutoka ndani kwenda nje. Na pale alumini inapokutana na chuma penye maji, alumini nayo huliwa ikawa unga mweupe. Anayelihukumu gari hili kwa kulitazama usoni amehukumu kwa kanzu.

KWANZA: MWENYE MALI NI NANI

Kabla ya kufungua nati hata moja, itafutwe kadi ya gari. Ikiwa mzee yu hai na kadi ina jina lake, hapana tatizo. Lakini magari mengi ya aina hii yana jina la marehemu. Gari la marehemu ni sehemu ya mirathi. Si mali ya yule mtoto mwenye fedha nyingi, wala ya yule aliyebaki nyumbani. Kijana akilitengeneza kwa fedha zake bila ya ndugu zake kujua, siku ya furaha huweza kugeuka siku ya kesi: mmoja atasema gari ni la wote, mwingine atasema gharama ni zangu, na wote wawili watakuwa na hoja. Yafaa basi msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ajue, na warithi wakubaliane kwa maandishi gari litakuwa la nani na gharama zitahesabiwaje. Anayefichwa zawadi ni mpokeaji peke yake. Wenye haki wengine hawafichwi.

PILI: MIFUPA KABLA YA NGOZI

Gari lioshwe chini mpaka tope lote litoke, kisha lipimwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti butu, na pengine nyundo huzama. Pigeni hasa mahali springi zinaposhikwa, mikono inayobeba bodi pembeni, na boriti ya nyuma inayovuta tela. Mahali palipooza pakatwe mpaka chuma kizima, ndipo pachomelewe chuma kipya cha unene uleule. Kubandika bati juu ya kutu na kupaka lami ni kulifunika kaburi tu.

Tangi la petroli aghalabu hukaa chini ya viti vya mbele. Litolewe lote na kuwekwa mbali kabla ya kuchomelea, hata kama linaonekana tupu, kwa maana mvuke uliobaki ndani ni hatari kuliko petroli yenyewe. Betri nayo ifunguliwe.

Tahadhari nyingine wengi hawaijui. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika propela inayokwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani huzunguka, na gari zima huweza kuteremka ingawa breki ya mkono imevutwa. Basi magurudumu yawekewe vigingi mbele na nyuma, na gari likalishwe juu ya stendi madhubuti. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

TATU: BREKI NA USUKANI

Hapa ndipo nisipotaka mtu abane matumizi. Katika matoleo ya zamani mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likitoboka, pedali huzama hadi sakafuni na gari halina breki kabisa, isipokuwa ile ya mkono. Tena mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani, na maji hayo huzila silinda kutoka ndani. Kwa gari lililosimama miaka mingi, zibadilishwe raba zote za silinda, mipira yote na mabomba yenye kutu, na masta silinda ifunguliwe ikaguliwe. Baada ya hapo utolewe upepo gurudumu kwa gurudumu, kisha mtu akanyage pedali kwa nguvu dakika nzima. Ikizama hata kidogo, kazi haijaisha.

Vumbi lililomo katika breki kuukuu huenda lina asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishwe na kupanguswa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitupwe. Watoto wasiwe karibu.

Tulipata kuletewa gari la inchi 109 lililopakwa rangi ya kijani ya kupendeza, viti vipya, maandishi mazuri mlangoni. Lilikuwa limeandaliwa kwa siri kwa ajili ya mama mmoja mkulima, na siku ya kukabidhiwa lilipakiwa wajukuu kulizungusha kijijini. Kwenye mteremko wa kwanza kishikio cha springi ya nyuma kiling'oka kutoka katika chasisi iliyooza, gari likaingia mtaroni. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Tulipolipima, chasisi ilitoboka kwa bisibisi. Gharama ya rangi na viti ingalitosha kabisa kuchomelea chasisi ile, na yule mama hakulipanda tena.

NNE: INJINI ILIYOLALA

Injini iliyolala isiamshwe kwa kusukumwa wala kwa betri. Ziondolewe plagi, yatiwe mafuta ya injini kidogo katika kila silinda, iachwe siku moja au mbili, kisha izungushwe taratibu kwa hendeli. Ikikataa isilazimishwe, ifunguliwe. Ikizunguka, yamwagwe mafuta yote ya zamani ya injini, ya giaboksi na ya difu, na tangi lioshwe. Chujio la hewa likaguliwe, kwa kuwa panya hupenda kujenga humo. Waya zilizotafunwa zibadilishwe, maana ndizo ziunguzazo magari. Tazameni pia betri ilivyofungwa: katika matoleo ya zamani waya wa chanya ndio ulioungwa na bodi, na katika yale ya baadaye ni waya wa hasi.

Dereva mpya naye afundishwe. Kuvuta kwa magurudumu yote manne ni kwa tope na mchanga. Katika gari hizi ekseli ya mbele na ya nyuma hufungamana zikawa kitu kimoja, kwa hiyo kukata kona juu ya lami huku zimefungwa huumiza gia na kuchakaza tairi.

TANO: FEDHA

Ndugu makatibu, sehemu hii ni yenu. Mwanachama akija kuomba mkopo wa kutengeneza gari na akaongeza, "Mama watoto asijue, nataka kumshangaza," msicheke mkaandika. Mwulizeni: ada za shule zimetengwa? Mbolea ya msimu ujao je? Zawadi inayolipwa kwa njaa ya Machi haishangazi kwa furaha. Na ikiwa nyumba ndiyo dhamana, sheria imekwisha kusema: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi. Siri hapo haina nafasi.

Nashauri mambo matatu. Mosi, gari lipimwe na fundi kabla ya kuombwa mkopo, kwa maana baada ya kufunguliwa hugundulika makubwa kuliko yaliyoonekana. Theluthi ya fedha iwekwe kwa ajili ya hayo. Pili, kila spea iwe na risiti na kila malipo ya fundi yawe na sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huu unalihusu daftari la nyumbani kama unavyolihusu la chama. Tatu, awepo mtu mmoja mzima ndani ya nyumba, asiyekuwa mpokeaji, ajuaye hesabu yote. Ikiwa zawadi ni ya mume, mke ajue. Ikiwa ni ya mke, mtoto mkubwa au ndugu yake ajue, na fedha zisitoke katika fungu la wote. Wala gari la chama lisitengenezwe kwa mkono huu: mali ya ushirika haina zawadi ya siri, ina azimio la mkutano.

Pengine hesabu itaonyesha kuwa gari halifufuki. Chasisi ikiwa imekwisha kabisa, ni hekima kulivunja kwa spea na kununua ng'ombe wa maziwa. Mzee hatatukana.

SITA: SIKU YA KUKABIDHI

Siri ina hasara moja ambayo haionekani: inamwacha nje mtu anayelijua gari kuliko fundi yeyote. Mzee anajua ekseli ilikatika mwaka gani, ni gia ipi huruka, ni bomba lipi liliwahi kuzibwa kwa sabuni safarini. Mkeni wakati wa jioni, mkamwombe hadithi za safari zake, na mwenye kalamu aandike. Atakuwa amewapa ripoti ya ufundi bila ya kujua.

Wala msifute kila alama. Jina la chama lililochorwa mlangoni zamani, kama lingali lasomeka, liachwe. Bonyeo la kisiki fulani lisiloathiri kitu liachwe pia. Alama hizo ndizo zinazomwambia mzee kuwa hili ni gari lake, si la mtu mwingine lenye umbo kama lake.

Siku ikifika, gari liwe limekwisha kukaguliwa, bima imelipwa, na dereva amelijaribu mlimani na mteremkoni bila ya abiria. Kisha mkabidhini ufunguo pamoja na bahasha ya risiti. Tumewaona wazee kadha wakipokea. Aliyepata kuendesha hatazami rangi kwanza. Huvua kofia, huinama, hutazama chini ya gari, halafu hukanyaga breki mara mbili. Yale atakayoyakuta huko chini ndiyo yatakayomwambia kama watoto wake walimpenda au walitaka kupendeza tu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba makatibu wayafikishe maneno haya katika mikutano ya vyama vyao kabla ya malipo ya msimu. Karakana iko tayari kulipima gari la mwanachama yeyote, na tunajua kunyamaza. Jina la mpokeaji hatutalitaja nje ya lango. Hali ya chasisi, hiyo tutaisema.