"Uko Upande Wetu, Ao wa Adui Zetu?"

Somo: Yoshua 4:1-9 na Yoshua 5:13-15

 

Wengi wenu mlituombea tulipokwenda Tanga, katika Tanzania, kwa mkutano wa maombi. Tulikuwa watu watano. Tulipita Kasumbalesa, tukavuka Zambia yote mpaka Nakonde na Tunduma, tukashuka Dar es Salaam, kisha tukapanda kaskazini kufuata bahari. Mungu alitulinda katikati ya malori. Ushuhuda wa mkutano tulikwisha kuutoa Jumapili. Leo tunataka kusema juu ya siku moja tu, siku ya mwisho, wakati wenyeji wetu walitupeleka kuona makumbusho ya mji na ufuko ambapo jeshi lilishuka katika vita ya 14-18.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo. Yako ndani ya boma la zamani la Wajerumani. Ukutani kuna picha za wakati ule: mji, reli, wakubwa katika mavazi meupe. Tulizitazama haraka, tunasema ukweli, kwa maana tulitamani sana kuona bahari. Watatu kati yetu hawakuwa wameiona hata siku moja. Walipofika Ras Kasone, waliingiza mkono ndani ya maji na kuonja kama kweli ni chumvi, na watoto wa wavuvi walituchekelea.

Pale ufukoni ndugu mmoja mwenyeji alitueleza mambo yaliyotokea. Sikieni.

Tarehe 2 Novemba 1914 meli ya vita ya Waingereza ilifika mbele ya Tanga, ikatoa amri mji ujitoe. Wajerumani wakaomba muda wa kujibu. Katika muda ule gari la moshi lilikuwa linaleta askari kutoka Moshi. Nyuma ya meli ile ya kwanza zilikuja nyingine zenye askari 8,000 hivi, wengi wao Wahindi, waliokuwa wamekaa majuma ndani ya maji tangu Bombay. Walishuka Ras Kasone, wengine usiku, wamechoka, wanayumba, na hakuna aliyetangulia kuipeleleza nchi vizuri. Jenerali wao, Aitken, aliona kazi itakuwa nyepesi. Upande wa pili Lettow-Vorbeck alikuwa na watu karibu 1,000, wengi wao askari Waafrika.

Tarehe 4 Novemba wakapigana katika mashamba na vichaka kati ya ufuko na mji. Katika miti ile kulikuwa mizinga ya nyuki. Risasi zikawafukuza nyuki, na nyuki wakatoka kwa hasira, wakaanguka juu ya watu. Askari wakatupa bunduki na kukimbia kuelekea maji. Kesho yake jeshi lile kubwa likarudi ndani ya meli, likiacha ufukoni bunduki nyingi na risasi kama 600,000. Watu wake zaidi ya 800 walikuwa wameuawa ao kujeruhiwa ao kupotea. Mpaka leo Waingereza wenyewe wanaiita vita ya nyuki.

Wapendwa, mnajua sisi Wapentekoste. Mara tuliposikia "nyuki", tulipiga makelele: Alleluya! Mmoja wetu alifungua Biblia palepale kwenye Kutoka 23, pahali Mungu anaahidi kutuma mavu mbele ya Israeli. Mwingine akataja Kumbukumbu la Torati 7. Tulikuwa tumekwisha kupata mahubiri ya kuleta nyumbani: Mungu wetu anapigana kwa wadudu! Kichwa cha mahubiri tulikuwa nacho, na sauti ya kuyahubiri tulikuwa nayo.

Ndugu yule mwenyeji alitungojea tunyamaze. Kisha akasema kwa upole: "Wachungaji, nyuki waliwauma wote. Wahindi, Waingereza, Wajerumani, na askari Waafrika. Nyuki hawakuuliza mtu ni wa upande gani."

Tukanyamaza kweli.

Kwa maana Mungu alikuwa wa nani siku ile? Kati ya Waingereza kulikuwa walioomba asubuhi. Kati ya Wajerumani vilevile. Nyumbani kwao makanisa ya pande zote mbili yaliwabariki askari wao kwa jina la Yesu mmoja. Na yule kijana aliyetolewa kijijini India, na yule Mnyamwezi ao Msukuma aliyevalishwa kofia ya askari, hawakuwa na neno lolote kati yao. Hawakuwa wamegombania shamba wala mke. Walikutana kwa mara ya kwanza pale, ili kuuana.

Ndipo papa mzee tuliyekuwa naye akaketi juu ya mchanga. Mnamfahamu, ni mzee wa kanisa, amepita miaka sabini. Akasema: "Mimi niko na mtu katika vita hii." Babu yake, baba ya mama yake, alitoka upande wa Bukama. Alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hakurudi. Hakuna anayejua alianguka wapi. Nyumbani walifanya kilio bila mwili, wakaendelea kuishi.

Ni kweli, vita ile ilipita pia kwetu. Katikati ya mwaka 1915 Waingereza walipitisha mashua mbili za vita hapa Elisabethville, juu ya gari la moshi, majina yake Mimi na Toutou. Kutoka Fungurume zilivutwa kwa nchi kavu juu ya milima ya Mitumba, kwa mashine, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu wetu, mpaka Sankisia na Bukama, kisha Lualaba, mpaka ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 askari wa Force Publique walivuka, wakachukua Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Ushindi ule Wabeleji waliusifu sana. Lakini nyuma ya kila askari kulikuwa watu wa kubeba chakula chake na risasi zake. Wanaandika kwamba wapagazi waliochukuliwa Kongo katika vita ile walikuwa kama 260,000. Waliokufa kwa njaa, kuhara na baridi ni wengi, na majina yao hayakuandikwa.

Mwaka 2021 shirika linalotunza makaburi ya vita ya Waingereza lilikiri jambo hilo hilo kwa upande wao, na kuomba msamaha: watu wasiopungua 116,000, hasa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwekewa jina lao, na wengine hawakuwekewa ukumbusho wowote. Miaka zaidi ya mia ilipita mbele ya neno hilo kusemwa.

Sasa tufungue Yoshua. Tuna mambo matatu ya kuondoka nayo.

Neno la kwanza: Tusimvalishe Mungu nguo ya jeshi letu.

Israeli walikuwa wametoka kuvuka Yordani. Walikuwa wameshuka katika nchi mpya, kama wale wa Ras Kasone. Mbele yao Yeriko. Yoshua akainua macho, akaona mtu mwenye upanga mkononi, akamwendea na kumwuliza kama yuko upande wao ao upande wa adui zao. Angalieni jibu. Hakusema "niko wenu". Alikataa ulizo lenyewe. Alisema amekuja kama mkuu wa jeshi la Bwana. Na Yoshua, aliyekuwa na ahadi, na sanduku la agano, na Musa kama mwalimu, alianguka kifudifudi, akaambiwa avue viatu.

Kama Yoshua hakupewa ruhusa ya kumweka Mungu katika kundi lake, sisi ni nani? Ulizo si kama Mungu yuko kwetu. Ulizo ni kama sisi tuko kwake.

Hatusemi kwamba uovu na haki ni kitu kimoja. Anayevamia nyumba ya mtu anafanya dhambi, na mnyonge ana haki ya kulia mbele za Mungu. Tangu Goma na Bukavu zilichukuliwa mwanzoni mwa mwaka 2025, tumelia pamoja na ndugu zetu wa Mashariki, na tutaendelea kulia. Lakini tumesikia pia maombi katika mikesha yetu ambayo yanaomba kabila zima life, mpaka mtoto aliye tumboni. Maombi ya namna hiyo hayatoki kwa yule mwenye upanga wa Yeriko.

Neno la pili: Tuweke mawe.

Mbele ya kukutana na yule mtu, Yoshua aliamuru watu kumi na wawili watoe mawe katikati ya Yordani, jiwe moja kwa kila kabila, ili kesho watoto wakiuliza maana yake, wazazi waeleze. Hakuna kabila lililoachwa bila jiwe. Hata lile dogo lilibeba la kwake.

Wazungu wamejenga makumbusho yao na makaburi yao. Sisi hatuna franka za kujenga. Lakini kaye moja inauzwa pahali popote. Tunawaomba: juma hili, kila jamaa inunue kaye. Keti na bibi, keti na papa mzee, mbele hawajaondoka. Uliza: ni nani katika ukoo wetu alichukuliwa na hakurudi? Kwa vita ya 14-18, kwa migodi, kwa vita zilizofuata. Andika jina. Kama jina limepotea, andika "babu wa upande wa Bukama". Mungu anamfahamu.

Neno la tatu: Tuvue viatu.

Hili ndilo gumu, na tumeliacha kwa mwisho kwa sababu lilitupata sisi wenyewe pale ufukoni.

Kati yetu watano, mmoja ni mtu wa Kasai. Alikuwa mtoto Likasi katika mwaka 1992, wakati watu wa Kasai walifukuzwa. Alilala kwenye gare pamoja na mama yake, wiki baada ya wiki, wakingojea gari la moshi. Mdogo wake alikufa palepale, na alizikwa bila jiwe. Katika miaka yote tuliyotumika naye hakutuambia. Alituambia Tanga, baada ya kusikia habari ya babu wa papa mzee.

Na papa mzee, mwana wa Katanga, alibaki kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mwaka ule na mimi niliomba. Niliomba Mungu awatoe ninyi." Hakusema zaidi. Alivua viatu vyake, tunafikiri ni kwa sababu ya mchanga, ao pengine ni kwa sababu ya Yoshua, hatukumwuliza. Akamshika yule ndugu mkono, wakaomba wawili peke yao karibu na maji. Hatukusikia maneno yao. Tuliona tu kwamba walilia, na kwamba walirudi pamoja.

Wapendwa, tulikwenda kutafuta mahubiri juu ya nyuki, tukarudi na haya. Katika kanisa lako, katika kwaya yako, katika avenue yako hapa Kamalondo, kuna mtu ambaye uliwahi kuomba Mungu amwondoe. Pengine kwa sababu ya kabila, pengine kwa sababu kanisa liligawanyika, kila kundi likisema Roho yuko kwao. Usingoje miaka mia. Mwendee juma hili.

Tuombe.

Baba, utusamehe pahali tulikuita askari wetu. Wakumbuke waliobeba mizigo na kuanguka njiani, ambao sisi hatuna majina yao. Wafariji wanaolia leo Mashariki. Utupe nguvu ya kuvua viatu mbele yako, na mbele ya ndugu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mubarikiwe, na mukae na amani.