Msifunge Bustani Novemba: Kilimo cha Majira ya Baridi Houston na Pwani ya Ghuba ya Mexico



Kila Novemba nikipita kwenye viwanja vyetu hapa Houston moyo huniuma. Muhogo umeanza kupukutisha majani, matembele yamesinyaa, na wenyewe wameshaweka jembe stoo hadi Machi. Ng'ambo ya uzio, kiwanja cha jirani Mmarekani ndiyo kwanza kinakolea kijani. Ombi langu leo ni moja: msifunge bustani.

Kosa letu lina asili yake. Wengi tumetoka Kivu, Kigoma au Mombasa, ambako mvua ndiyo hutangaza msimu. Hapa mvua hunyesha karibu kila mwezi, kwa hiyo kinachogawa mwaka ni joto. Kuanzia Mei hadi Septemba kiwanja chako kiko Tanga: bamia, mihogo ya sombe, lengalenga, kunde. Kuanzia Oktoba hadi Aprili kimehamia Njombe: sukuma wiki, kabichi, karoti, njegere, vitunguu. Wastani wa joto Januari ni kama nyuzi 17 mchana na 6 usiku, yaani kipupwe kile kile cha kuvaa sweta asubuhi. Anayepanda sukuma wiki Juni huvuna majani magumu na machungu, kisha hulaumu udongo ambao haujamkosea kitu.

Sukuma wiki ndiyo mboga ya kuanzia. Sia mbegu kitaluni Agosti au Septemba chini ya kivuli, hamisha miche Oktoba. Hata sasa hujachelewa. Watu weusi wa Kusini mwa Marekani wameipanda tangu enzi za utumwa, na wazee wao watakwambia haijanoga mpaka ipigwe na sakitu. Wanasema kweli. Baridi ikizidi, mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi kama maji matupu. Mmea unajilinda, nasi tunapata utamu.

Kwenye vitunguu naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Kitunguu hutazama urefu wa mchana. Aina za mchana mfupi huanza kuvimba chini mchana ukifika saa 10 hadi 12. Aina za mchana mrefu hungoja saa 14 au zaidi. Hapa Houston mchana hufika saa 14 mwezi Juni tu, wakati jua linachoma kila kitu. Ukinunua miche ya aina iliyokusudiwa majimbo ya kaskazini utapata majani marefu mazuri, na chini hakuna kitu. Kule kwetu karibu na Ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana wakulima wa Kenya na Tanzania hupanda aina za mchana mfupi. Mojawapo ni Red Creole, ambayo jina lake linatukumbusha Louisiana, jirani zetu wa mashariki. Kwa hiyo hakuna haja ya kuficha mbegu kwenye sanduku la safari, jambo linaloweza kukuletea matatizo uwanja wa ndege; kitunguu cha nyumbani kipo hapa. Hamisha miche kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari, ikiwa myembamba kuliko penseli. Mche mnene ukipitiwa na baridi hudhani umemaliza mwaka, ukatoa ua badala ya kitunguu.

Sasa sakitu yenyewe. Huja usiku mkavu, anga ikiwa wazi na upepo umetulia, pale joto la ardhi linapopaa bila wingu la kulizuia. Mwagilia mchana wake, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu. Funika mimea kwa shuka kuukuu, nayo ifike mpaka chini na kukandamizwa kwa mawe. Wengi huifunga shinani kama mwavuli, wakalifungia nje joto la ardhi ambalo ndilo wanalolitafuta. Nailoni isiguse majani, itayaunguza. Vipando vya muhogo vikate mapema, viweke pakavu pasipoganda, virudishe ardhini mwishoni mwa Machi.

Februari 2021 yote hayo hayakutosha. Tarehe 16 joto lilishuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Migomba yangu mitatu ilikuwa uji mweusi asubuhi, ingawa ilichipua tena kutoka ardhini. Kinachoniuma hadi leo ni mlimau. Niliung'oa mwanzoni mwa Machi nikiamini umekufa. Jirani mwenye mlimau kama wangu alisubiri, na Aprili ukachipua. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, mti ungali hai, weka msumeno chini. Ila angalia chipukizi linatokea wapi. Likiwa chini ya kiungo cha kubebesha, na majani yake ni matatu matatu, huo ni mti wa shina la kubebeshea, na matunda yake hayaliki kwa uchungu.

Ukitaka kuamini kwamba baridi ya hapa hailali, tazama juu. Mialoni ya pwani hii hubaki na majani yake hadi karibu Machi, ndipo huyaangusha na kuvaa mapya. Juu ya matawi yake huota jimbi linalojikunja na kuwa kahawia wakati wa ukame, kisha mvua ikinyesha hukunjuka na kurudi kijani. Na ile kamelia inayochanua waridi mbele ya nyumba nyingi Novemba hii ni ndugu wa damu wa chai ya Mufindi na Kericho. Ua lake lichunguzeni kwa karibu. Aliyechuma chai atalitambua, ijapokuwa la chai ni dogo na jeupe.

Kwenye meza ya mlangoni nimeweka miche ya sukuma wiki. Kila mmoja achukue minne na aipande leo jioni, ipate usiku mzima wa kushika ardhi kabla ya jua.