Mtoto Afundishwe Kuitaja Hofu Yake



Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi liliikumba Rusizi, likaua watu na kubomoa nyumba. Mtoto aliaye kwa hofu ya namna hiyo huambiwa, "Nyamaza!" Mdomo hunyamaza, moyo ukabaki ukienda mbio.

Mtume (S.A.W.) alipomkuta Abu Umayr, mtoto mdogo, amehuzunika kwa kufiwa na ndege wake, hakumkaripia; alimwuliza habari za ndege huyo. Basi mtoto naye aulizwe: "Waogopa? Umekasirika?" Akiisha kujibu, aketishwe, avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole, kama apozaye uji wa moto. Pumzi itokayo polepole huutuliza moyo. Mzazi apumue pamoja naye, kwani mtoto huiga.