Jina Lipitalo Hesabu



Wapendwa wasikilizaji, Wagiriki wa kale waliandika hesabu kwa herufi: alfa ilikuwa 1, iota 10, sigma 200. Hivyo kila neno lilikuwa na jumla yake. Jina la Mwokozi wetu kwa Kigiriki, Iesous, lina iota 10, eta 8, sigma 200, omikroni 70, ipsiloni 400, na sigma tena 200, jumla 888. Katika karne ya pili walitokea watu walioifanya jumla hiyo kuwa elimu ya siri, wakawavuta waamini wengi.

Mtakatifu Ireneo, Askofu wa Lyon, aliwajibu mnamo mwaka 180. Jina hilo, alisema, ni la Kiebrania, nanyi mwalihesabu kwa Kigiriki! Naam, asili yake ni Yeshua, ufupisho wa Yoshua. Na Biblia ya Kigiriki humwita Yoshua mwana wa Nuni kwa jina hilo hilo, Iesous. Kwa herufi za Kiebrania, Yeshua ni 386. Bikira Maria alipomwita mwanawe nyumbani Nazareti, 888 ilikuwa wapi? Malaika alimfafanulia Yosefu jina hilo pasipo hesabu yoyote: mtoto huyo atawaokoa watu wake katika dhambi zao.

Makatekista, mwaulizwa mara nyingi na waamini wenye hofu juu ya 666 ya Kitabu cha Ufunuo. Ireneo alitaja majina matatu yanayotimiza hesabu hiyo, lakini hakukubali kutangaza hata moja kuwa ndilo.