Neno la Akina Bibi kwa Wazazi



Sisi akina bibi tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukitoka Fizi na Uvira, tukafika Nyarugusu na watoto mgongoni. Watoto hao sasa ni wazazi. Wajukuu wanatuuliza: "Bibi, nani alitufukuza?" Tunawaeleza habari za vita, lakini hatuwatajii kabila la kuchukia. Tunawafundisha majina ya vijiji vyetu, kusali kabla ya kula, na kumgawia jirani unga hata mgao ukipungua.

Wazazi, msituachie kazi hii peke yetu. Tukiwarithisha chuki, watarudi nyumbani na vita ile ile tuliyoikimbia.

Mungu awabariki.