Kelele katika Madarasa ya Watoto Wadogo
(Hotuba kwa wanachama, Membley)



Huenda mtu akauliza: kelele za darasa la chekechea zakihusu nini chama cha wafanya kazi? Zakihusu sana. Koo la mwalimu ni chombo chake cha kazi, kama mikono ya fundi; likiharibika, mshahara umo hatarini. Na watoto ni wetu.

Hapa Membley twapakana na Barabara ya Thika, ambayo upanuzi wake ulimalizika mwaka 2012, na magari hayalali. Lakini adui mkubwa yumo ndani. Ukuta wa mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati lisilo na dari havimezi sauti, huirudisha. Neno la kwanza halijatulia, la pili limelifuata, na mtoto hajui kama mwalimu kasema "paka" au "taka". Mtu mzima hukisia. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kutosha kukisia. Mvua ikinyesha, somo limekwisha.

Kanuni za kelele makazini za mwaka 2005 zaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane. Mpaka huo walinda sikio la mtu wa mitambo. Kwa darasa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele za pembeni zisipite desibeli 35 wakati wa masomo.

Dawa yajulikana. Kwanza dari ya bodi laini. Kisha mikeka sakafuni, mapazia mazito, na vipande vya tyubu kuukuu chini ya miguu ya viti. Tena kila darasa liwe na pembe ya utulivu, mbali na mlango, mahali mwalimu aonapo: mkeka, mto, na vitabu vichache vya picha. Mtoto aliyelemewa na kelele aende mwenyewe, arudi akishatulia. Pasifanywe mahali pa adhabu, maana hapo hakuna atakayepaendea kwa hiari.

Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko chini ya serikali za kaunti. Basi tuiambie Kaunti ya Kiambu: pasijengwe darasa bila dari. Nao wenye shule za binafsi tuwawekee jambo hili mezani pamoja na mishahara. Kifungu cha 41 chatupa haki ya hali zifaazo za kazi, tuitumie.